Chumvi kwenye kisahani: fundi wa rangi wa Magongo aliyelipulizia gitaa langu

Kabla hajaligusa gitaa langu, yule mzee alikwenda kwanza kuangalia chumvi. Kwenye rafu ya makopo ya thina ya kuyeyushia rangi ana kisahani cheupe cha kikombe cha kahawa, na ndani yake kijiko kimoja cha chumvi. Akatia kidole, akakisugua kwa dole gumba, akanionyesha. Chumvi ilikuwa mbichi, imeshikana.

"Leo haipigwi," akasema. "Rudi nalo, mwanangu. Ama liwache hapa ukipenda, lakini leo silipigi."

Ilikuwa katikati ya Desemba, vuli haijaisha sawasawa. Nilikuwa nimevuka feri ya Likoni, nikapanda matatu mpaka Magongo na kiwiliwili cha gitaa mapajani, kimefungwa ndani ya leso ya mama. Nilikasirika, siwafichi. Sasa ni Machi, gitaa limekamilika na limeshapigwa kwenye harusi tatu, na ninaandika haya kumsifu mzee huyo na kusema pia yaliyonikera kwake, kwa sababu najua hapa Mombasa tuko wengi tunaojiundia magitaa, na wengi wetu tunakwama kwenye rangi.

Mimi ni fundi wa friji na mashine za barafu. Kazi yangu ni mahotelini, Diani mpaka Nyali, na wikendi napiga gitaa la kuongoza kwenye bendi ya harusi. Twapiga bango zaidi, muziki wa huku Pwani ambao mwanzilishi wake hutajwa kuwa Mzee Ngala, na twapiga chakacha wenyewe wakitaka. Gitaa la bango lataka sauti safi, nyembamba, inayopita katikati ya saksafoni na kinanda bila kugombana navyo. Nililokuwa nalo lilinichosha, nikaamua kuunda langu.

Mwembe wa dodo nyuma ya nyumba ya mama, Mtongwe, ulianguka kwa upepo, ukalala chini msimu mzima wa mvua kabla hatujapata mtu wa kuupasua. Huko kulala chini ndiko kulikoupa uzuri. Ukungu uliingia kwenye mti ukaacha michirizi myeusi myembamba, inapinda na kurudi kama ramani ya mito. Mbao nilizikausha chini ya bati miaka miwili. Nikaunganisha vipande viwili, nikachonga kiwiliwili cha unene wa milimita 45. Shingo ni ya mahogani, na ubao wa kushikia nyuzi ni mpingo, ambao haupakwi chochote, wataka kufutwa mafuta kidogo tu. Kazi yote ya mbao niliifanya mwenyewe kibarazani na sijuti hata patasi moja. Rangi ndiyo sikuithubutu. Nimewahi kununua mikebe ya kupulizia ya dukani nikajaribu kwenye kipande cha ubao, ikatoka na vijidonge kama ganda la chungwa.

Kwa hiyo Novemba, kabla sijamjua mzee wa Magongo, nililipeleka kwenye gereji moja ya kupiga rangi magari. Siitaji wala sisemi iko upande gani. Nilitaka rangi ya NC, ile ya nitroselulosi ambayo maseremala hutumia kwenye makabati, wakasema wanaiweza. Wakaipiga saa kumi alasiri, mvua imetoka kunyesha, barabara bado inatoa mvuke. Nilipofika kulichukua lilikuwa limegeuka jeupe. Si madoa. Lote lilikuwa na weupe wa maji ya mchele, michirizi yangu ya mwembe imezama chini yake huioni. Wakaniambia litakauka lirudi. Halikurudi.

Sababu yake niliijua palepale, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ukitoa chupa ya soda kwenye friji ukaiweka mezani, hutoa jasho, na jasho hilo halitoki ndani ya chupa, ni maji ya hewani yanayogusa kioo baridi. Thina inapopanda kutoka kwenye rangi huondoka na joto, ngozi ya rangi ikapoa ghafla, na hewa ikiwa imejaa maji, maji hayo hutua palepale kwenye rangi ambayo haijakauka. Rangi ikifunga, yamebaki ndani. Huo ndio weupe. Kadiri thina inavyokimbia haraka ndivyo unavyozidi, na wao walitumia thina ya bei ya chini, inayokimbia kuliko zote.

Waliniumiza pia pahali pengine. Walipuliza rangi ndani ya kikalio cha shingo, lile shimo la pembe nne ambamo shingo hukaa na kukazwa kwa skrubu nne. Nilikuwa nimelichonga likashika shingo bila skrubu hata moja, ukilinyanyua gitaa haianguki. Baada ya rangi yao shingo haikuingia. Nilikaa jioni mbili na patasi nikikwangua, na wiki nzima na msasa kulirudisha gitaa kwenye mbao tupu.

Dereva wa tuktuk ndiye aliyenielekeza Magongo. Tuktuk yake ilikuwa imepigwa rangi ya zambarau inayofifia mpaka waridi, na mpaka kati ya rangi hizo mbili huuoni, unapotea tu. Nikamuuliza nani amekufanyia. Nikawaza: mtu anayeweza kufifisha rangi hivi kwenye bati anaweza kuififisha kwenye mbao. Nilitaka gitaa langu liwe na rangi ya embe dodo lililoiva katikati, na kadiri unavyokwenda ukingoni liwe jeusi-jeusi la ukwaju, michirizi ionekane yote.

Najua kuna wanaodharau kupeleka gitaa kwa mpiga rangi wa magari. Nawakumbusha kwamba magitaa ya Fender ya rangi maalumu ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo leo watu huyauza kwa bei ya nyumba, yalipigwa rangi za magari hasa. Kampuni ilinunua za DuPont, Duco ya nitroselulosi na Lucite ya akriliki, zilezile zilizokuwa zikipuliziwa magari ya Marekani. Ule wekundu wanaouita Fiesta Red ulikuwa kwenye Ford Thunderbird ya 1956 kabla ya kuwa kwenye gitaa. Lake Placid Blue ilitoka kwenye Cadillac.

Basi mzee aliponikatalia Desemba, nililiacha gitaa kwake. Alilifungua kwenye leso akalilaza kwenye meza, akawasha taa ya mkono akailaza ubavuni kabisa, mwanga ukapita juu ya mbao kwa chini. Yote niliyodhani nimeyasawazisha yakatokeza. Mikwaruzo ya msasa namba 120 iliyokata nyuzi za mti, mawimbi upande wa kiwiko, na kishimo ambacho patasi iliteleza.

"Nani aliyepiga msasa hapa?"

"Mimi, ami."

"Umechoka ukaharakisha. Hapa na hapa." Akaweka alama kwa chaki. "Rudia na 180, halafu 240, halafu 320. Ufuate mti unavyokwenda. Ukimaliza, pitisha kitambaa kibichi, uwache ukauke, nyuzi zitanyanyuka, uzikate tena na 320. Na leso hii usinifungie tena, yaacha uzi. Funga kwa shuka kuukuu."

Sijawahi kumlipa mtu akanirudishia kazi namna hiyo, na ndiyo sababu ya kwanza ya kumsifu. Gereji ya kwanza walilichukua gitaa bila kulitazama.

Tulibishana kidogo kuhusu aina ya rangi, na ubishi ule ulinifunza. Yeye alitaka klia ya magari, ile rangi angavu ya juu, ya kopo mbili, unayochanganya na hadna, dawa ya kuigandisha. Huganda kwa kuungana yenyewe badala ya kungoja thina ikimbie, kwa hiyo unyevu hauisumbui sana, na baada ya wiki unaweza kuisugua. Ngumu, haitaki subira. Mimi nikasisitiza NC. NC kila koti jipya huliyeyusha la chini yake, yakawa kitu kimoja. Gitaa la harusi hugongwa na stendi ya maikrofoni, hugongwa na meza, na NC ikichubuka naweza kuidondoshea tone nyumbani, tone likaungana na ile ya zamani. Ile ya hadna ikichubuka umebaki na kiraka chenye ukingo. Tena hadna yake ina kemikali za isosayaneti zinazoharibu mapafu, na barakoa aliyokuwa nayo mzee siku hiyo ilikuwa ya karatasi. Hilo nitalirudia.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "NC yako nitaipiga," akasema, "lakini kwa saa yangu, si kwa saa yako. Ngoja kaskazi itulie."

Hapo ndipo nilipomuuliza kuhusu chumvi. Akasema alifunzwa na aliyemfunza kazi: ikiwa asubuhi imelainika, hapigi NC wala sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, anafanya kazi za praima, rangi ya msingi, au za pati ya kuziba mashimo. Ikiwa kavu, inamwagika kama mchanga, anapiga. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu nina kipima unyevu kwenye begi langu la kazi na najua namba ya jambo hilo. Chumvi safi huanza kunywa maji ya hewani na kuyeyuka unyevu ukipita asilimia 75 hivi. Mzee anafanya kazi na kipimo sahihi miaka yote hii, kwa bei ya kijiko cha chumvi. Nikaweka kipima changu kando ya kisahani: 81. Nikaacha kulalamika.

Simu ilikuja wiki ya pili ya Januari, saa moja asubuhi, bila hata salamu fupi. "Kavu." Nikaomba ruhusa kazini.

Nilipofika alikuwa ameshamwagia maji ardhi ya nje, upande wa barabara, kutuliza vumbi, kwa kuwa trela hupita pale mchana kutwa. Ndani hakumwaga. Kipima changu kilisoma 67. Alisema tutaanza saa nne na nusu, umande umekwisha na upepo wa mchana haujaanza kuinua vumbi, na dirisha hilo la saa mbili hivi ndilo lote tulilo nalo kwa siku.

Jambo moja nililikataa kabla hajaanza. Alipofungua koki ya chini ya kompresa yalitoka maji ya kahawia, nusu kikombe. Nilijua yatatoka. Ukikandamiza hewa ya Mombasa, maji yake yatakwenda wapi? Yanageuka matone kwenye tangi, mengine yanasafiri na mpira mpaka kwenye kipulizio, na tone moja likiruka kwenye NC umeharibu. Yeye hufungua koki hiyo kila asubuhi, lakini kwenye mpira hakuwa na kitu cha kuyanasa. Mimi nilikuja nimejiandaa. Nilikuwa na mita kumi za bomba la shaba lililobaki kazini, nimelizungusha kama koili, nikalitia kwenye ndoo ya maji ya barafu, na mwisho wake nikaweka kikombe cha chuma chenye koki chini. Hewa ya moto kutoka kwenye kompresa inapita kwenye baridi, maji yanadondoka kikombeni, inayoendelea ni kavu. Baada ya dakika ishirini tulimwaga kikombe na kilikuwa na maji ya kutosha kumshangaza msaidizi wake. Koili hiyo nilimwachia. Alinipunguzia shilingi 1,000, nami sikuomba.

Kikalio cha shingo nilikifunika mwenyewe kwa tepu ya karatasi, ukuta kwa ukuta, na nawasihi msimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Nikafunika na mashimo ya nyaya na ya pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi. Kwenye matundu ya skrubu za shingo tulifunga mti wa nusu mita, ukawa mpini, ukaweza kuligeuza gitaa na kulitundika bila kidole kuligusa.

Sasa nieleze alivyopiga, kwa sababu nilisimama nikamtazama siku tatu na naona bado.

Kwanza ni sila. Mwembe una vinyweleo vilivyo wazi, usipovijaza rangi huzama humo ikawa na vishimo. Alipiga makoti matatu, akangoja kesho yake, akasawazisha na msasa 320 mkavu mpaka vumbi lote likawa jeupe na hakuna pahali panapong'aa, kisha matatu tena. Kung'aa, alinieleza, ni bonde ambalo msasa haujafika.

Halafu rangi ya embe. Alichukua klia ya NC, akaitia matone ya rangi ya mbao ya njano na mekundu kidogo, akaipunguza kwa thina karibu nusu kwa nusu, lakini thina nzito, inayokauka polepole. Tundu la kipulizio ni milimita 1.3. Umbali wake ni shubiri moja, na alikuwa anapima kwa mkono wake kweli, dole gumba kwenye kipulizio na kidole cha mwisho karibu na mbao, kisha anauondoa. Anaanza kubonyeza nje ya gitaa na kuachia nje ya gitaa, mkono haupindi kwenye kifundo, unakwenda wote na bega. Kila mpito hufunika nusu ya uliotangulia. Kwa makoti mawili mwembe wangu uliwaka.

Ukingo wa ukwaju ndio uliokuwa mtihani, na ndio uliofanya niandike. Alipunguza upepo, akabana rangi mpaka inatoka kama pumzi ya mtoto, akasimama pembeni mwa gitaa badala ya mbele yake. Kipulizio kilielekea nje, kiasi kwamba rangi nyingi ilipita hewani na ukingo wa ule mvuke tu ndio uliotua kwenye mbao. Akalizunguka gitaa lote mara moja. Sikuona tofauti. Akalizunguka tena. Mara ya nne ukwaju ulikuwa umeanza kuingia, na mara ya saba alisimama, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Nikizidisha sitaweza kurudisha," akasema. "Tosha?"

Nikamwambia nyuma ya pembe ya juu kumebaki kwembamba. Akaangalia, akakubali, akapitisha mara moja pale pekee. Mpaka wa embe na ukwaju huuoni ulipo. Nimeuliza watu watano waniwekee kidole, kila mmoja ameweka pahali pake.

Klia ndiyo iliyotupa taabu. Koti la pili siku ya pili, vikatokea vijicho, vidoa vya mviringo ambavyo rangi inakimbia na kuacha mbao wazi katikati, kumi na viwili nilivihesabu, vyote upande mmoja. Jirani wa mzee huosha magari na kuyang'arisha magurudumu kwa dawa yenye silikoni, na silikoni ikipeperuka chembe moja tu yatosha. Hii naihesabu kosa la mzee, si la jirani, kwa kuwa yeye ndiye anayejua na pazia la turubai analo lakini alikuwa amelifunga juu. Alisimamisha kazi hapohapo. Alingoja kesho yake, akasugua, akafuta, akashusha turubai, akapiga makoti mawili mepesi sana, kama vumbi, yashike kwanza kabla ya kumwaga lenye maji. Vijicho havikurudi. Tulipoteza siku moja na hakunilipisha.

Alipiga makoti tisa ya klia, yasiyozidi matatu kwa siku. Pahali pamoja, kwenye kona ya ndani chini ya pembe, rangi ilichuruzika ikaacha tone. Aliliacha likauke siku nne, akalikata kwa wembe mpya, akalisawazisha. Hata nikijua lilipokuwa silipati.

Kisha ikaja subira. NC hukauka kwa kuguswa baada ya nusu saa, lakini thina iliyo ndani huendelea kutoka kwa wiki nyingi na rangi hunywea, hushuka kwenye vinyweleo. Ukiisugua mapema itang'aa wiki ya kwanza, ya tatu utaona mistari ya mti imetokeza upya. Tuliliacha likiningʼinia wiki nne. Alinifunza kulinusa: weka pua kwenye rangi yenyewe, ukisikia thina bado.

Nililirudia katikati ya Februari, na hapa ndipo nina lalamiko langu kubwa la kikazi. Msasa wa maji, 1000, 1500 na 2000, aliufanya mzee mwenyewe na ulikuwa safi. Lakini kung'arisha kwa kompaundi alimwachia msaidizi, kijana mwenye bidii ambaye amezoea boneti za gari, na mashine yake ilikuwa inakwenda kasi. Ukingoni rangi huwa nyembamba kuliko katikati. Kwenye ncha ya pembe ya chini alipita mpaka ukwaju, akafika mbao, doa la ukubwa wa punje ya mchele. Moyo wangu ulishuka. Mzee alimtoa kijana kwa upole, akachukua brashi ndogo ya ncha, akadondosha ukwaju, akangoja, akadondosha klia mara kadhaa kwa siku tatu, akasawazisha. NC ikaungana, kama nilivyotaka iungane siku ile tuliyobishana. Ukilitazama kwenye jua huku unalitafuta, utaliona. Jukwaani hulioni.

Lalamiko la pili si la gitaa. Mama anayeuza chai ana jiko la mkaa hatua kumi na tano kutoka pahali panapopulizwa. Mvuke wa thina unashika moto, na vumbi la NC lililokauka sakafuni na kwenye kuta linawaka kwa kasi ya kutisha, nitroselulosi ni ndugu wa baruti. Nilimwambia mzee mbele ya msaidizi wake, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Alisema mama hupika asubuhi tu. Siku ya pili ya kupiga, jiko lilikuwa linawaka saa tano, nikaenda mwenyewe kumwomba alihamishe, akalihamisha. Na kijana hakuwa na barakoa yoyote. Nilinunua mbili za mpira zenye vichungi vya mkaa, moja yake na moja ya mzee. Wanazivaa, nimepita mara mbili bila taarifa nikawakuta wamezivaa, na hilo limenifurahisha kuliko gitaa. Lakini jiko bado linarudi, na ukienda pale, uliseme.

Bei. Kazi ilikuwa shilingi 7,500, nikalipa 6,500 baada ya ile koili. Sila, klia, thina, rangi za mbao na misasa nilinunua mwenyewe mjini, ikafika 6,200, na klia iliyobaki yatosha gitaa lingine. Barakoa sihesabu. Kwa jumla ni fedha nyingi kwa mtu anayelipwa kwa kazi, na nilizilipa kwa awamu mbili bila yeye kunifanya nijione vibaya. Simu zake hazipokelewi, hilo mjue. Atapiga yeye.

Kuhusu sauti, sitawadanganya kwamba rangi imelibadilisha gitaa. Kiwiliwili kigumu namna hii sauti yake iko kwenye nyuzi, pikapu na mkono wa mpigaji. Kilichobadilika ni mkono wenyewe. Nililishika harusi ya kwanza, Kisauni, joto la watu mia tatu chini ya hema, na halikunata. Kiwiko kinateleza kwenye ukingo bila kukwama. Taa zilipoligonga, michirizi ya mwembe ilijitokeza kutoka ndani ya embe, na mama alikuwa ameketi safu ya mbele na akina shangazi. Alinyoosha kidole akawaambia, "Ule ni mti wangu."

Nyumbani stendi yangu ina mpira kwenye mikono, na NC hugombana na aina nyingi za mpira, huuyeyukia ikaacha alama. Nimeizungushia kitambaa cha pamba. Hotelini nikitoka kwenye ukumbi wenye ubaridi wa mashine, silitoi gitaa kwenye begi papo hapo, kwa sababu ya jasho lile lile la chupa ya soda.

Nimeshachonga kiwiliwili cha besi, mwembe uleule. Nilimpelekea juzi ndani ya shuka kuukuu. Aliwasha taa akailaza ubavuni, akatia chaki pahali pawili tu, kisha akaenda kwenye rafu akagusa kisahani. Masika inanukia. Amenifungia shuka mwenyewe, akanipa, akaniambia tuonane Januari.